Kuchagua Ndoo ya Tromboni si Kazi ya Kubahatisha

Ndugu askari na polisi mnaousoma ukurasa huu, bila shaka kila mmoja wenu amekwisha kuisikia tromboni, hata kama hakupata kulijua jina lake. Ni ile ala ndefu ya shaba ambayo mpigaji wake husukuma na kuvuta mrija mbele ya uso wake mfano wa seremala apigaye randa ubao. Katika gwaride la Tarehe Sita, au la Siku ya Uhuru, wapiga tromboni aghalabu hutembea katika mstari wa mbele kabisa wa bendi, kwa sababu wakiwekwa nyuma mrija huo utamdunga mgongoni mwenzao aliyewatangulia. Sauti yake ni nzito na yenye amri, nayo husikika upande wa pili wa uwanja. Kwa gwaride hivyo ndivyo ipasavyo kuwa.

Lakini kazi ya askari si gwaride peke yake. Askari humzika mwenzake. Askari huketi mezani na wageni wa taifa. Askari huingia kanisani na msikitini, na katika hospitali walimolazwa majeruhi. Mahali kama hapo tromboni iliyoachwa wazi huweza kuharibu shughuli iliyotayarishwa kwa juma zima. Dawa yake ni kiziba, yaani kifaa kinachowekwa kwenye mdomo wa ala ili kuipunguza na kuibadili sauti. Viko viziba vya namna nyingi, na leo tunapenda kueleza juu ya namna moja tu, ile ambayo wanamuziki huiita ndoo.

Yamkini wako watakaocheka na kuuliza, afisa wa uhusiano mwema ana habari gani na ndoo za wapiga muziki? Swali hilo ni la haki. Katika chuo cha kadeti tulifundishwa ramani, silaha na uongozi wa watu. Noti za muziki hatukufundishwa. Tuliyoyajua tuliyajua kwa aibu, na aibu hiyo ndiyo tunayoanza nayo.

SIKU NDOO ILIPOANGUKA

Miaka michache iliyopita bendi ya kikosi kimoja ilipangiwa kupiga nyimbo za maombolezo katika ibada ya kumwaga askari wetu aliyefia kazini. Kanisa lilikuwa dogo, lenye sakafu ya saruji na paa la bati lisilo na dari. Familia ya marehemu iliketi hatua sita tu kutoka walipokaa wapiga tromboni. Mkuu wa bendi alikuwa amelitembelea kanisa hilo mapema, akatambua kwamba tromboni tatu zikilia wazi mle ndani zitawatoboa waombolezaji masikio. Kwa hiyo aliomba viziba vitatu vya ndoo, na viziba vikaletwa vikiwa vipya, siku moja kabla ya ibada.

Vyote vitatu vilikuwa vya kipimo kimoja. Tromboni mbili za sauti ya teno zilivaa ndoo zao bila taabu. Ya tatu ilikuwa tromboni ya besi, ambayo mdomo wake ni mpana zaidi, na vishikizo vya ndoo havikuufikia ukingo. Koplo aliyekuwa akiipiga alifanya kama afanyavyo askari asiye na wakati: alichukua koleo, akavikunjua vishikizo, akavifunga kwa mpira uliokatwa kutoka katika tairi la baiskeli. Katika mazoezi ya robo saa ndoo ilikaa.

Kanisani haikukaa. Katikati ya wimbo wa pili ilichomoka, ikapiga saruji kwa kishindo kama sufuria iliyodondoka jikoni usiku, ikabingirika hadi chini ya jeneza. Mama wa marehemu, aliyekuwa ameinamisha kichwa tangu asubuhi, alishtuka akapiga yowe. Wimbo ukakatika. Hapana mtu aliyecheka, na afadhali wangalicheka.

Baada ya mazishi mkuu wa kikosi aliuliza kosa ni la nani. Koplo yule alisimama wima akasema, "Ni langu, afande." Mkuu wa bendi naye, ambaye ni sajini mwenye miaka mingi kazini, akasema, "Hapana, afande. Mimi ndiye niliyevipokea vifaa." Ndipo tulipoitafuta fomu ya maombi. Ilikuwa na mstari mmoja: viziba vya ndoo vya tromboni, vitatu. Haikueleza upana wa midomo, wala haikutaja kwamba moja katika hizo ni tromboni ya besi. Duka lilileta kilichoandikwa. Na saini iliyokuwa chini ya fomu ile ilitoka katika ofisi yetu, maana sisi ndio tulioisimamia ibada.

Waswahili husema kupotea njia ndiyo kujua njia. Tulimwomba sajini atufundishe, naye akatufundisha kwa muda wa juma zima katika chumba cha bendi, kwa viziba vya kuazima na utepe wa fundi cherehani. Haya yafuatayo ni mafunzo yake, pamoja na machache tuliyoyasoma wenyewe.

KIZIBA NI MALI YA ASKARI TANGU ZAMANI

Watu wengi hudhani kwamba kiziba ni pambo la mabendi ya dansi. Sivyo. Mjerumani Johann Ernst Altenburg, ambaye mwenyewe alipata kuwa mpiga tarumbeta wa vitani, alichapisha mwaka 1795 kitabu juu ya ufundi wa tarumbeta na ngoma. Humo alizitaja sababu za kukitumia kiziba, na mojawapo ni ya kijeshi kabisa: jeshi linapotaka kung'oa kambi kimya kimya, amri ipigwe na askari waisikie, bali adui aliye mbali asiisikie. Sababu nyingine aliyoitaja ni mazishi. Hata kabla yake, mwaka 1607, mtungaji wa Italia Claudio Monteverdi aliagiza tarumbeta zenye viziba katika ufunguzi wa mchezo wake wa kuimbwa uitwao L'Orfeo.

Nasi tunayo desturi ya jamaa hiyo. Katika mazishi ya kijeshi ngoma za bendi hufunikwa kitambaa cheusi, nazo hutoa mlio mzito wa chini. Hapana askari anayeona kwamba ngoma iliyofunikwa imepungukiwa na ushujaa. Kila mtu anaelewa kwamba imevaa nguo ya siku ile. Basi na tromboni ivae yake.

NDOO HUFANYA KAZI GANI

Ili kuchagua vema, hapana budi kwanza kufahamu kinachotendeka. Sauti ya tromboni si kitu kimoja. Chini kuna mlio mnene, na juu yake kuna milio myembamba mingi iliyopandana, ambayo ndiyo inayoipa shaba ule ukali wake. Milio minene huenea pande zote kama moshi. Milio myembamba huenda mbele moja kwa moja kama risasi, ikifuata mahali mdomo wa ala ulikoelekezwa. Ndiyo sababu mtu aliyeketi mbele ya tromboni hulalamika kwamba anaumizwa masikio, na aliyeketi ubavuni hushangaa mwenzake analalamikia nini.

Kiziba cha kawaida, kilicho mfano wa pia, huingizwa ndani ya mdomo wa ala na kuacha upenyo mwembamba tu. Hicho huidhoofisha milio minene na kuiacha ile myembamba, hata sauti ikawa kali na kavu kama ya nyuki aliyefungiwa chupani. Hufaa kwa kazi yake, lakini si kwa mwombolezaji. Ndoo hufanya kinyume chake. Ni chombo kilichokaa mbele ya mdomo wa ala, na ndani yake kimejazwa pamba, sufu au sponji. Milio myembamba huingia humo ikanaswa, na milio minene hutoka kwa kupitia nafasi iliyoachwa baina ya ndoo na ukingo. Kinachomfikia msikilizaji ni sauti laini na nene, inayokaribia ile ya horni.

Wahenga walisema debe tupu haliachi kuvuma. Ndoo ya tromboni ni debe lililojazwa, na ubora wake uko katika kujazwa huko. Mtu anayekwenda dukani na kuitazama rangi ya nje bila kuingiza kidole ndani ameiacha nusu ya kazi.

NAMNA TATU ZA NDOO

Sajini alitupangia mezani ndoo za namna tatu.

Namna ya kwanza ni ya vishikizo. Ina mikono mitatu ya chuma chembamba inayoushika ukingo wa mdomo kwa nje, na ndoo yenyewe hukaa mbele bila kuingia ndani. Faida yake ni kwamba hewa hupita kwa urahisi, na mpigaji haoni tofauti kubwa katika kupuliza. Upungufu wake ni kwamba huchukua muda kuivaa na kuivua, mikono huweza kuikwaruza rangi ya ala, na vishikizo vikilegea ndoo huanguka. Hilo la mwisho sisi tunalijua.

Namna ya pili huingia ndani ya mdomo wa ala kama kiziba cha kawaida, ikishikwa na vipande vya gamba jepesi, mfano wa lile la vizibo vya chupa za mvinyo. Nyingi za namna hii ni za aluminiamu. Huingia na kutoka kwa haraka, wala haiukwaruzi ukingo. Lakini kwa kuwa imeingia ndani, mpigaji huhisi upinzani katika pumzi yake, na noti za chini huweza kuyumba. Pia aluminiamu ikianguka haina huruma na mtu.

Namna ya tatu ni kofia laini ya mpira, wa jamaa ya ule unaoshonewa mavazi ya wapiga mbizi, inayovutwa na kuvishwa juu ya ukingo wote. Ni nyepesi, hukunjwa ikatiwa mkobani, na ikianguka haipigi kelele. Sauti yake hukaribia ya ndoo bila kuwa ileile, na mpira wowote ukiachwa juani huzeeka na kupasuka.

Kusema kwamba mojawapo katika hizi tatu ndiyo bora kuliko zote ni kama kusema bunduki ni bora kuliko darubini. Inategemea unakwenda wapi.

VIPIMO VITANO

Kipimo cha kwanza ni upana. Tromboni nyingi za teno zina mdomo wa baina ya inchi 7 na nusu na inchi 9, yaani sentimeta 19 hadi 23 hivi. Za besi huanzia karibu na inchi 9 na nusu na kufika 10 na nusu, yaani sentimeta 24 hadi 27 hivi. Tofauti ya upana wa vidole viwili ndiyo iliyomtia mama yule mshtuko. Basi weka utepe juu ya mdomo wa ala, pima kutoka ukingo hadi ukingo ukipita katikati, uandike. Pima kila ala, kwa maana tromboni mbili zilizonunuliwa miaka tofauti huenda zisilingane. Kisha ivishe ndoo, iinamishe ala itazame chini, uitikise mara kumi. Isiyovumilia mtikiso wa chumbani haitavumilia wimbo.

Kipimo cha pili ni wakati. Mtungaji humpa mpigaji mapumziko ya kuvaa na kuvua kiziba, wala mapumziko hayo si mapana. Katika wimbo wa maombolezo wa mapigo 60 kwa dakika, mistari miwili yenye mapigo manne manne ni sekunde 8. Katika mwendo wa mapigo 120, mistari hiyohiyo ni sekunde 4 tu. Sajini alishika saa yake na kumwamuru koplo avae na kuvua kila ndoo, kwa mkono mmoja, mkono wa pili ukiwa umeishika ala. Ile ya vishikizo ilimshinda mara tatu kabla hajaizoea.

Yafaa tukumbuke hapa wimbo wetu wa taifa. Uliotungwa na George Wilberforce Kakoma, ukaanza kutumika tulipopata uhuru mwaka 1962, nao husifika kuwa mmojawapo katika nyimbo za taifa zilizo fupi kupita zote duniani. Haufai kupigwa kwa kiziba. Ukipigwa mara baada ya maombolezo, mpigaji anayehangaika na vishikizo atakuja kuwa tayari wimbo ukiwa umekaribia kwisha, na wenzake wamesimama katika saluti.

Kipimo cha tatu ni uzito. Tromboni hubebwa na mkono wa kushoto peke yake, kwa maana wa kuume una kazi ya mrija. Kitu kilichotundikwa kwenye mdomo wa ala huivuta mbele, na kiganja kikichoka ala huinama, midomo ya mpigaji ikateleza, sauti ikaharibika. Usiijaribu ndoo kwa dakika mbili dukani ukaridhika. Ipige robo saa nzima, kisha umtazame mpigaji mkono wake.

Kipimo cha nne ni usawa wa sauti. Kiziba chochote huweza kuipandisha au kuishusha noti. Mpiga tromboni ana bahati kwamba mrija wake una vituo saba, na baina ya kituo na kituo sikio lake laweza kusahihisha. Lakini askari watatu wakisahihisha kila mmoja upande wake, hatutakuwa na wimbo. Basi noti moja ipigwe bila ndoo, kisha kwa ndoo, mara tatu: ya chini, ya kati na ya juu, kwa sauti ndogo na kwa sauti kubwa. Ndoo inayoihamisha noti ya chini kwa kiasi kisichosahihishika irudishwe, hata ikiwa nzuri kwa macho.

Kipimo cha tano ni msikilizaji. Mpigaji yuko nyuma ya ala yake, hasikii wanachosikia watu. Sajini alitupeleka hatua kumi na tano mbele, akatuagiza tufumbe macho. Tukasikia bila kiziba, tukasikia kwa kiziba cha kawaida, kisha tukasikia kwa ndoo. "Afande," akauliza, "ni ipi ungependa ipigwe siku ya kuzikwa kwako?" Tulicheka, lakini tulimwelekezea kidole bila kusita.

MEZANI PA WAGENI

Si mazishi tu yanayohitaji ndoo. Tukiwa makadeti tulipata kuhudhuria karamu ya mesi ambayo bendi ilipiga ukumbini kwa nguvu za uwanjani. Mkuu aliposimama kutoa hotuba yake fupi, masikio yetu yalikuwa yakivuma bado, na mgeni aliyeketi karibu na tromboni alikuwa amekwisha kuhama kiti. Bendi ile ilikuwa na ustadi mwingi. Haikuwa na viziba.

Katika miaka ya 1930 na 1940 mabendi makubwa ya dansi ya Marekani yalizoea kuwavisha wapiga shaba viziba vya namna mbalimbali, ndoo ikiwamo, ili mwimbaji asikike katika nyimbo za polepole. Mmoja wa viongozi wa mabendi hayo alikuwa Glenn Miller, mwenyewe mpiga tromboni. Mwaka 1942 aliiacha bendi yake iliyokuwa ikimpa fedha nyingi, akaingia jeshini kwa cheo cha kapteni, akaunda bendi kwa ajili ya askari wa anga. Mwaka 1944 aliipeleka Uingereza kuwapigia askari waliokuwa vitani. Tarehe 15 Desemba mwaka huohuo, akiwa meja, alipanda ndege ndogo kwenda Ufaransa, na hakuonekana tena. Tunamtaja ili ieleweke kwamba muziki wa sauti ya chini haukuwa anasa ya watu wasiojua vita.

ASIYE NA FEDHA AFANYEJE

Wako wasomaji wetu katika vikosi vya mbali na vituo vya polisi ambao wana tromboni moja iliyopinda na hawana senti ya kiziba. Hao nao tusiwasahau. Dawa ya kwanza wamekwisha kuivaa kichwani. Kofia laini ya sufu ya askari, yaani bereti, ikitundikwa mbele ya mdomo wa ala, hunasa sehemu ya ukali na kuiacha sauti ikiwa laini. Si upuuzi. George Gershwin wa Marekani, katika utungo wake wa piano na okestra wa mwaka 1925, aliagiza kofia ya namna hiyo mbele ya tarumbeta kwa sehemu ya polepole. Beji ya chuma itolewe kwanza isije ikatetema.

Dawa ya pili ni kutengeneza. Chukua chombo chepesi cha plastiki ambacho mdomo wake unakaribiana na wa ala, ukate kina chake kipungue, ukitandike sponji ndani chini na pembeni, ukitie mikono mitatu ya waya mgumu uliovishwa mpira. Acha nafasi ya upana wa vidole viwili baina ya chombo na ukingo, maana ukiiziba kabisa pumzi itarudi usoni kwa mpigaji. Koplo wetu alitengeneza kimoja kwa siku mbili. Hakikulingana na cha kununua, lakini kilishinda kutokuwa na kitu, na kilikuwa cha kipimo chake.

Ama utunzaji, ni ule wa kifaa chochote cha serikali. Pamba na sufu hupenda unyevu na wadudu, kwa hiyo ndoo ianikwe kivulini baada ya mvua, na ihifadhiwe katika mfuko wa kitambaa wenye jina la ala yake. Ukumbini isiwekwe sakafuni tupu. Iwekwe juu ya kipande cha blanketi, upande wa kuume wa kiti, mahali ambapo mkono utaikuta bila macho kuitafuta.

FOMU MPYA

Kuna methali isemayo mchagua jembe si mkulima. Kwa heshima zote kwa wazee wetu, methali hiyo tunaiacha shambani. Askari hachukui risasi ya kipimo chochote akatumaini itaingia, na mpiga tromboni hali kadhalika. Fomu yetu ya pili ya maombi ilikuwa na mistari saba. Ilitaja ndoo mbili za mdomo wa sentimeta 20 na moja ya sentimeta 24. Ikataja namna ya kushikwa, kilichojazwa ndani, na sharti la kujaribiwa kabla ya kupokelewa. Afisa wa ugavi alipoisoma alisema kwamba kwa miaka yote hakupata kuona fomu ya bendi iliyomwambia hasa anunue nini. Maofisa ugavi wote watusamehe tukisema kwamba kosa hili mara nyingi huanzia kwa anayeomba, si kwa anayenunua.

Ilibaki deni moja. Familia ya marehemu ilipoandaa siku ya kuondoa matanga, tuliomba ruhusa ya kufika, nayo ikatolewa. Tulikwenda na sajini, koplo na wapiga tromboni wengine wawili, bila ngoma wala tarumbeta. Walikaa chini ya mwembe uani, wakavaa ndoo zao, wakaupiga ule wimbo wa pili tangu mwanzo. Watoto waliokuwa wakicheza nyuma ya nyumba walikuja wakasimama kimya. Kuku waliendelea kudonoa karibu na miguu ya wapigaji, ambalo halikuwa jambo la kawaida kwa tromboni tatu.

Wimbo ulipokwisha mama aliinuka akamwendea koplo. Alimkumbuka. Aliigusa ndoo kwa kidole, akauliza, "Mwanangu, leo kimefungwa sawasawa?"

"Kimefungwa, mama," koplo akajibu.

"Basi pigeni tena," akasema, akarudi akaketi.

Wakapiga tena, hadi mwisho. Nasi tunawaomba wakuu wa bendi, wa jeshi na wa polisi, wasingoje siku ya mazishi ndipo watafute utepe. Pimeni midomo ya ala zenu leo, mwandike vipimo hivyo ukutani katika chumba cha bendi, na yeyote atakayetia saini fomu, awe nani, avisome kwanza.